Presha, ini na tembe isiyo na nguvu

Swali: Daktari, mama yangu ana presha na humeza enalaprili kila asubuhi. Juzi kwenye duka la dawa hapa Umoja nilimsikia mhudumu akimwambia mteja kwamba dawa hiyo haina nguvu mpaka ini liibadilishe. Sasa kwa nini wasituuzie iliyo tayari? Au tunapunjwa?

Jibu: Hampunjwi. Mhudumu alisema kweli, ila aliishia njiani. Iliyo tayari ipo, inaitwa enalaprilati, lakini hutolewa hospitalini kwa sindano ya mshipa. Ukiimeza, utumbo huifyonza kidogo mno na sehemu kubwa huishia chooni. Ndiyo maana wakemia waliipachika kipande kidogo cha ethili, na kwa hicho takribani asilimia 60 yake hupenya na kuingia mwilini. Ini hukikata kipande hicho, na dawa yenyewe hufika kilele chake kwenye damu saa 3 hadi 4 baada ya kumeza. Kwa hiyo mama akijipima nusu saa baada ya tembe na akute namba ni zilezile, asiongeze ya pili!

Dawa za namna hii ni nyingi. Tenofoviri iliyomo kwenye ARV hufichwa vivyo hivyo ili ipite utumboni. Inayonistaajabisha zaidi mimi ni isoniazidi ya TB, maana hiyo huamshwa na bakteria wenyewe, kwa kimeng'enya chao kiitwacho KatG. Mdudu hujitengenezea sumu yake. Usugu nao mara nyingi huanzia hapohapo: bakteria ambaye KatG yake imeharibika hana cha kuiamshia dawa, basi anaendelea kuzaana.

Mnaponunua dawa bila kuuliza ndipo mambo huharibika. Aliyewekewa stenti, yaani kibomba kidogo cha kuuweka wazi mshipa wa moyo, hupewa klopidogreli ili damu isigande. Nayo hungoja ini, hasa kimeng'enya CYP2C19. Tumbo likimchoma, anapita dukani kuchukua omeprazoli, na omeprazoli hukizuia kimeng'enya hichohicho. Tembe za moyo anameza kila siku, ila kinachogeuka kuwa dawa ni pungufu. Pantoprazoli haina usumbufu mkubwa kiasi hicho, amwombe daktari ambadilishie.

Kodeini, dawa ya maumivu na kikohozi, ndiyo ya kuogopwa kwa watoto. Ini hugeuza sehemu yake kuwa mofini, dawa kali ya maumivu ambayo ikizidi hudhoofisha kupumua, na wapo watu, Ethiopia kwa mfano ni wengi, ambao miili yao hugeuza kwa kasi kupita kiasi. Watoto wamekufa kwa kushindwa kupumua. Wa chini ya miaka 12 asipewe, hata ikiwa ndani ya dawa ya kikohozi.

Nikirudi kwa mama: kama ana ugonjwa wa ini, mwambieni daktari wake. Lisinoprili ni ya jamii moja na enalaprili, na yenyewe hutoka kiwandani ikiwa tayari, haihitaji ini kuigeuza. Lakini msibadilishe wenyewe, dozi za hizo mbili hazilingani.