Kreatinini 88: fomu inasema sawa, daktari anasema rudia

Swali: Nina mama wa wiki 34, kilo 70, presha 158/104, protini ++ kwenye mkojo. Kreatinini, taka ya damu inayopimwa kujua kazi ya figo, imerudi 88 na fomu inaonyesha kawaida ni 53 hadi 97. Daktari kaagiza irudiwe baada ya saa 6 na mama awekwe mpira wa mkojo. Kwa nini, wakati majibu ni mazuri?
*Mkunga, Morogoro*

Jibu: Majibu hayo ni mazuri kwa mwanamke asiye na mimba, viwango vya kwenye fomu ni vyake yeye. Mjamzito figo zake huchuja zaidi kwa karibu asilimia 50, kwa hiyo kreatinini hushuka, na wengi huwa kati ya 35 na 70 mikromoli kwa lita. Ikipita 77, shtuka. Ikifika 90 kwa mama ambaye presha yake imeanza baada ya wiki ya 20, figo huhesabiwa kuwa zimeshaguswa. Huyu wako yuko mlangoni.

Fungua kadi yake ya kliniki. Kama mwanzo wa mimba alikuwa na 48, leo amekaribia mara mbili, ingawa fomu haina hata nyota ya onyo. Ndiyo maana kipimo kinarudiwa: kupanda kwa 26.5 ndani ya saa 48, au mara 1.5 ndani ya siku 7, ni jeraha la ghafla la figo. Maabara ikikupa miligramu kwa desilita, zidisha kwa 88.4 upate mikromoli kwa lita. Ile eGFR (makadirio ya kasi ya figo kuchuja) iliyochapwa chini ya fomu ipuuze. Hesabu yake haikutengenezwa kwa wajawazito.

Mkojo nao una hesabu yake. Kwa kilo 70, nusu mililita kwa kilo kwa saa ni mililita 35; saa 6 ni 210. Kabla ya kuandika kwamba haukutoka, kagua mpira: mara nyingi umejikunja, au mama ameulalia. Ukiwa mdogo kweli, usimwagie dripu lita juu ya lita, maana mama wa namna hii maji humwingia kwenye mapafu upesi. Kama yuko kwenye magnesiamu ya kuzuia degedege, dawa hiyo hutoka kwa figo: mkojo ukiwa chini ya mililita 30 kwa saa kwa saa 4, goti lisiporuka likigongwa, au pumzi zikiwa chini ya 16 kwa dakika, dozi inayofuata isitolewe na daktari aitwe. Kalisiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kupinga magnesiamu ikizidi, iwe pembeni ya kitanda. Baada ya kujifungua, diklofenaki asipewe, maana dawa hiyo ya maumivu huweza kuumiza figo.

Swali: Tumeletewa kipimo cha NGAL cha mkojo. Tuachane na kreatinini?
*Fundi sanifu maabara, Mombasa*

Jibu: Hapana. NGAL, protini inayotolewa na figo zikiumia, hupanda saa chache tu baada ya mirija ya figo kuumia, wakati kreatinini hungoja siku moja au mbili. Hapo ndipo utamu wake. Lakini hutoka pia kwenye chembe nyeupe za damu, kwa hiyo UTI au uchafu wa ukeni huipandisha bure, na kifafa cha mimba chenyewe (hapa nina maana ya preeclampsia, hata kabla ya degedege) huipandisha hata figo zikiwa hazijajeruhiwa. Chukua mkojo kutoka kwenye mpira mpya, si kwenye mfuko uliokaa tangu asubuhi. Pima chembe nyeupe kwa kijiti kwanza, kisha zungusha sampuli kwenye sentrifuji. Hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa kwa wajawazito. Sampuli mbili zinazofuatana zina maana kuliko moja.

Na kreatinini yenyewe, kama mnatumia mbinu ya Jaffe (ya kupima kwa rangi), hudanganya: ketoni za mama aliyetapika siku nzima huipandisha, bilirubini ya mwenye manjano huishusha. Hilo la pili ndilo baya, kwa sababu linaficha ugonjwa.

Swali: Na sistatini C? Na PlGF?

Jibu: Sistatini C, kipimo kingine cha figo kwenye damu, iache: miezi mitatu ya mwisho hupanda hata kwa mwenye figo nzima. PlGF, protini ya kondo la nyuma, inajibu swali jingine, la kondo. Uwiano wa sFlt-1 (protini ya kondo inayoizuia PlGF) kwa PlGF ukiwa 38 au chini, kifafa cha mimba hakitarajiwi ndani ya wiki moja. Kreatinini ikiendelea kupanda huku uwiano uko chini, tafuta chanzo kwingine: damu iliyopotea, maambukizi, mirija ya mkojo iliyobanwa. Chembe sahani zikiwa zimeanguka, omba kipimo cha ADAMTS13, kimeng'enya cha damu. Chini ya asilimia 10 ni TTP, ugonjwa wa vidonge vya damu kuziba mishipa midogo, na hiyo kuzalisha peke yake hakuitibu.