Mdogo wangu uliyetoka Fort Bliss, usimsubiri mzee arudi

Umeuliza mambo manne: kati ya vyama vya wanajeshi wastaafu, American Legion, VFW na DAV, wapi kuna wawakilishi wazuri, kelele za masikioni zinapewa asilimia ngapi, ukihamia Mombasa hela za VA (idara ya Marekani inayowalipa fidia wastaafu walioumia jeshini) zinakufuata au zinakatika, na ile kampuni ya mtandaoni inayotaka nyongeza yako ya fidia ya miezi sita kama malipo ni halali au ni wezi. Halafu katikati ya hayo, kimyakimya, ukachomekea kwamba una miezi kumi tangu uvue gwanda la jeshi la Marekani pale kambi ya Fort Bliss, makaratasi yote ya madai yako kwa mzee mmoja wa kujitolea, na mzee kaaga: "Tutayatuma nikirudi kutoka kwa binti yangu."

Miezi kumi! Nimefika hapo nikaweka kikombe chini. Hayo mengine manne wadau watakujibu. Mimi nakueleza yangu ili uogope vizuri.

VA inalipa kwa tarehe. Goti liliumia lini, hiyo ni habari ya daktari. Hela zinaanzia pale dai lilipoingia kwao. Ila kuna upendeleo mmoja: ukidai ndani ya mwaka mmoja tangu utoke jeshini na dai likakubaliwa, hesabu inarudi nyuma hadi siku iliyofuata siku uliyotoka. Mwaka ukipita, hata kwa siku moja, unahesabiwa kuanzia siku VA ilipopokea kitu chako. Na mzee wako siyo VA. Ukumbi wa chama siyo VA. Droo ya mzee ndiyo kabisa siyo VA, na hiyo naijua kwa undani kuliko ningependa.

Nilikuwa na mzee kama wako. Mkongwe wa Vietnam, kofia imejaa pini, mkono wa kushoto haukunji vizuri, na akisikia umetoka Afrika anakuletea kahawa mwenyewe. Alikaa nyuma ya ukumbi wa chama fulani (sitakitaja) kwenye meza ya plastiki, akisaidia vijana bila kuchukua hata senti. Nikampa DD-214 yangu (cheti cha kutoka jeshini), nakala za zahanati ya kambini, na barua za wenzangu wawili walioniona nikiporomoka na mzigo mgongoni. Akanisainisha fomu 21-22, akapanga kila kitu kwenye bahasha ya kaki, akaandika jina langu kwa kalamu ya wino mzito, akalikosea, tukacheka. Nikaipiga picha bahasha nikamtumia mama Moshi. Nikatoka pale kifua mbele, nikiamini nimeshadai.

Sikuwa nimedai chochote. Fomu 21-22 inampa mtu ruhusa ya kukusemea mbele ya VA, basi. Hata ikifika, haishiki tarehe yoyote. Na fomu ya madai yenyewe, 21-526EZ, ukiisaini ikabaki mezani kwa mtu, ni karatasi yenye saini yako na hakuna zaidi.

Baridi ilipoingia mzee akashuka Florida kwa binti yake. (Mabinti wa wazee hawa wametugharimu sana.) Bahasha ikabaki. Nilikuja kuiona baadaye mno, imelala chini ya stakabadhi za samaki wa Ijumaa na vitabu vya tiketi za bahati nasibu, na jina langu bado limekosewa.

Mzee mwenyewe simlaumu sana. Alikuwa na nia njema, na kumbukumbu yake ilikuwa inaanza kumtoroka. Ninayemlaumu, na nikimwona leo kwenye msiba nabadilisha kiti, ni kaka mmoja wa kikundi chetu cha WhatsApp cha Waswahili waliotumikia jeshi la Marekani. Sajenti mstaafu. Mshauri wa kila mtu. Kila swali anajibu kwa ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Nikamuuliza: kaka, mbona nikiingia VA.gov haionyeshi dai lolote? Akanijibu nisiguse kitu. Eti ukigusa, madai yatagongana, faili litarudishwa nyuma, na nitakuwa nimemvunjia mzee heshima. "Sisi tuna haraka sana," akasema, "hawa watu wana utaratibu wao." Haraka! Mtu mwenye goti langu hilo angeitoa wapi haraka?

Nikanyamaza, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Wengine wetu tuliingia kwa mpango wa MAVNI, ule wa kuwachukua jeshini wageni wenye lugha zinazohitajika, Kiswahili ndicho kilichotufungulia lango, na tukaingia na adabu zetu zote za nyumbani. Mzee humkumbushi mara ya pili. Unamsalimia, unasubiri, ukionana naye unaulizia afya yake, unaondoka.

Kumbe kaka mshauri dai lake alilijaza mwenyewe, kwa kidole chake, akiwa bado kambini, kwenye ule muda wa siku 180 hadi 90 kabla ya kutoka ambao VA inakuruhusu kudai mapema. Hakumsubiri mzee yeyote. Hilo halikuwemo kwenye ujumbe wowote wa sauti. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu wangu hata ndugu hakuwa, alikuwa admini.

Sasa hesabu. Mwisho wa yote VA ilinipa 70% ya ulemavu. Kwa viwango vya 2025, 70% kwa mtu asiye na mke wala mtoto ilikuwa dola 1,759.19 kwa mwezi, haikatwi kodi. Zidisha kwa 12: dola 21,110.28. Mwaka mzima ambao ungerudishwa kwangu kwa mkupuo mmoja uliishia kwenye droo, na juu yake kuna miezi niliyoendelea kusubiri baada ya mwaka kupita. Mimi nina mke, kwa hiyo yangu ilizidi hapo kidogo. Mke huyohuyo aliibadilisha ile hela kuwa shilingi za Tanzania, akaisoma kwa sauti, akaenda kulala.

Usidhani nilikaa tu. Nilijaza 20-0996, ile ya kuomba afisa wa juu aipitie hukumu upya. Kule huongezi ushahidi mpya, ila unaweza kuomba wakupigie simu ueleze kosa liko wapi. Akapiga mama mmoja mpole kabisa. Akauliza kama kuna kitu chochote VA ilipokea kutoka kwangu kabla ya tarehe waliyoandika. Nikamwambia nina picha ya bahasha kwenye simu. Kimya. Akauliza: "Bahasha ilipokelewa na nani?" Nikamtaja mzee. Akaniambia anashukuru kwa utumishi wangu.

Wakuu, mtu wa serikali ya Marekani akikushukuru kwa utumishi wako katikati ya mazungumzo, funga daftari.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na naipigia kelele kwa herufi kubwa: USIINUKE KWENYE KITI CHA MZEE KABLA HUJAIONA TAREHE YA VA KWA MACHO YAKO. Ahadi ya mzee haihesabiki, wala ujumbe wa "tumeshatuma kijana". Unataka karatasi au skrini ya VA yenye jina lako lililoandikwa sawasawa na tarehe waliyopokea.

Na tarehe hiyo haihitaji dai lililokamilika! Hapa ndipo ninapotaka kulia. Kuna kitu kinaitwa Intent to File, fomu 21-0966. Ni kuiambia VA tu kwamba nakuja kudai. Huambatanishi cheti, huelezi ulianguka wapi. Ukiingia VA.gov kwa akaunti iliyothibitishwa, ya Login.gov au ID.me, ukaanza kujaza fomu ya madai na kuihifadhi, mfumo wenyewe unakuwekea tarehe ya nia. Mtandao ukikushinda, piga 800-827-1000, umwambie mhudumu wa VA kwamba unataka kuweka nia ya kudai fidia ya ulemavu, naye anaiandika. Angalia vizuri: mhudumu wa VA. Kumwambia mzee kwa mdomo hakuhesabiki, hata akiwa ameandika kwenye kidaftari chake.

Ukishaiweka una mwaka mzima wa kuleta dai kamili. Yaani wewe ukiiweka leo, ukiwa na miezi kumi tangu utoke, mzee anaweza kukaa kwa binti yake hadi mvua za masika ziishe Mombasa. Akirudi mnapanga vyeti taratibu, mnatafuta mashahidi, mnatuma ndani ya mwaka wa ile nia, na dai likikubaliwa hesabu bado inarudi hadi siku iliyofuata siku uliyotoka Fort Bliss. Ukichelewa hadi mwezi wa kumi na tatu tangu utoke, fungua uzi mwingine tuje tukupe pole.

Na kugongana hakuna. Niliwauliza VA wenyewe baadaye, kwa hasira, na mhudumu akacheka. Mwakilishi wako akija kutuma nia nyingine juu ya yako, ile ya kwanza iliyo hai ndiyo inayoshika.

Mtego mmoja lakini. Nia moja inabeba dai moja. Kuna wazee wanapenda kuanza na kale kepesi, wanatuma masikio peke yake "tupate mguu mlangoni", halafu goti na mgongo vinafuata baadaye. Dai la masikio likishaingia limeitumia ile nia, na goti litahesabiwa kwa siku yake lenyewe. Kwa hiyo masikio, goti, usingizi, kifua kama ulipumua moshi wa mashimo ya taka kule Djibouti au kwingineko, vyote viingie pamoja. Hapo nimekugusia swali la pili, usiseme sikujali.

Chama kipi? Mdogo wangu, chama si hoja, hoja ni mtu. Anayekaa ukumbini kwenye tawi mara nyingi ni wa kujitolea: atakupokea, atakusaidia kukusanya, atakupa kahawa. Mwenye kibali cha VA cha kukuwakilisha mara nyingi ni mwingine, yuko ofisi ya chama ya jimbo au ofisi ya wastaafu ya kaunti, na huyo ndiye anayeweza kulifungua faili lako kwenye mfumo. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa VA ina ukurasa wa kutafuta majina ya wenye vibali. Mtafute mzee wako pale leo. Asipokuwemo haina maana ni mtu mbaya. Wangu hakuwemo, na alikuwa mtu mwema kuliko wengi niliotumikia chini yao. Ina maana tarehe yako haikai kwake.

Bado nasema wawakilishi tuwatumie. Aliyenivusha mimi mwishowe ni mama wa kaunti, mwenye kibali, aliyesoma ripoti ya daktari wa VA akaona daktari hakupima goti nikiwa nimechoka, akaidai ipimwe tena. Peke yangu nisingeliona hilo. Na huduma yote hiyo ni bure kwa sheria. Ndiyo maana kampuni yako ya nyongeza ya miezi sita hata sihangaiki nayo: asiye na kibali haruhusiwi kukuandalia dai la VA, na hata mwanasheria mwenye kibali hawezi kukutoza mpaka VA itoe uamuzi wa kwanza. Hapo 20% ya malimbikizo inahesabika ni halali, na ikipita theluthi ana maswali ya kujibu. Wafungie namba yao, endelea na maisha.

Mombasa wapo wengi humu waliokwishahamia, watakuja kukuambia. Mimi nina kazi zamu ya usiku na nimeshaandika kupita kiasi.

Sasa toka humu jukwaani. Ingia VA.gov, anza ile fomu, hifadhi, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe, irushe kwenye uzi huu. Halafu ndipo umpigie mzee umsalimie na binti yake. Ukiirusha picha funika jina na namba ya faili, maana admini wa kikundi fulani anasoma humu.