Weka itifaki chini kwanza (jibu kwa anayeandaa semina ya "Kuushinda Mwili")

Weka hiyo itifaki chini, yaani hiyo orodha ya maneno ya Biblia na mistari yake, iwe kitabu au programu ya simu. Sasa hivi, kabla hujafika mstari wa pili wa jibu hili.

Umeandika kwamba uko Unguja mjini, umepewa semina ya vijana wiki mbili zijazo, mada "Kuushinda Mwili", na mpango wako ni kutafuta neno "mwili" kwenye programu ya simu, kuchukua mistari yote itakayotokea, kuigawa vichwa vinane, basi. Halafu ukatupia maswali mengine: kwa nini watu wengi hawafiki mbali wakisoma Biblia kwa kina, ununue kitabu gani cha ufafanuzi, usome saa ngapi, ujifunze Kigiriki au uache, na vijana wakisinzia ufanyeje. Nitayagusa nikiyakumbuka. Lililonikosesha usingizi ni huo mpango wako wa "mwili", maana naujua ndani nje. Kaunta buku langu la mistari ya "mwili" liliishia kwa muuza njugu, akafungia njugu zake. Njugu zilikuwa tamu, sikatai.

Sikiliza, mdogo wangu. Neno "mwili" katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version limebebeshwa mzigo wa maneno mawili ya Kigiriki: sarksi na soma (hilo la pili si kusoma, usicheke). Soma ni kiwiliwili, mtu na viungo vyake. Sarksi ni nyama, na Paulo akilishika huenda nalo mbali: mara uhai wa kawaida, mara ugonjwa, mara tohara, mara mtu anayejiendesha mwenyewe Mungu akiwa pembeni. Chukua Wagalatia peke yake. 2:20, uhai alio nao "katika mwili": sarksi, maana yake kuishi tu kama wewe unavyoishi. 3:3, mlianza katika Roho, sasa mnataka kumalizia katika mwili: sarksi, na kinachozungumzwa ni kutahiriwa, 6:12 inakitaja waziwazi. 4:13, udhaifu wa mwili: sarksi tena, mtu alikuwa mgonjwa. 5:19, matendo ya mwili: sarksi, hii ndiyo ile mbaya. 6:17, anachukua chapa za Yesu katika mwili wake: soma, na hapo mwili ndio unaobeba heshima. Kitabu kimoja cha sura sita, neno moja la Kiswahili, kazi tano. Programu yako itaitandaza yote pamoja kama dagaa juani, na wewe utaokota bila kujua ipi ni ipi.

Na ukiichanganya, fundisho linalotoka ni lile lile kila mara: mwili ni adui. Njaa adui, usingizi adui, mume na mke kulala chumba kimoja nako kunatiliwa shaka. Vijana wanafunga siku tatu bila maji kwa 1 Wakorintho 9:27, ambapo Paulo anazungumzia nidhamu ya mkimbiaji. Mwenye kisukari anaacha dawa, anadhani ndiyo kuusulibisha mwili wa Wagalatia 5:24. Huyo akianguka, anaanguka sakafuni kweli, na watu wa nyumbani kwake wanakuja kumuuliza aliyefundisha. Usiniulize nimejuaje.

Ungesoma Waefeso mpaka 5:29 ungekutana na hili: hakuna mtu anayeuchukia mwili wake, bali huulisha na kuutunza. Na neno lililotumika hapo ni sarksi, hilo hilo unalotaka kulisulibisha kwenye semina. Kwa hiyo hata kanuni nyepesi ya "sarksi mbaya, soma nzuri" haisimami. Warumi 8:13 imeyatia yote mawili katika mstari mmoja: mambo ya mwili ni sarksi, matendo ya mwili yanayofishwa ni soma. Kinachoamua maana ni sentensi zilizolizunguka neno, na sentensi ndizo programu ya kutafutia maneno inazozitupa.

Hebu tukae kwenye Wagalatia 5, maana najua ndiyo nguzo ya semina yako. Hesabu orodha ya mstari wa 19 hadi 21. Union Version inataja mambo 15. Uasherati, uchafu, ufisadi, hayo vijana wanayatarajia. Ibada ya sanamu, uchawi. Halafu uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka, uzushi, husuda: manane mfululizo, zaidi ya nusu ya orodha, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa kushinda na njaa. Mtu anaweza kufunga siku 40 akatoka na fitina yake ikiwa mbichi. (Hiyo "uzushi" nayo, kwa sisi tuliokulia hapa, sikio linakimbilia mambo ya bidaa, na mtaani uzushi ni habari ya uongo. Humo maana yake ni makundi ya watu kujitenga wakiwa na mafundisho yao wenyewe. Imekaa karibu na faraka kwa sababu ni ndugu.) Sasa angalia orodha imewekwa wapi. Mstari wa 15 kabla yake: mkiumana na kulana, angalieni msije mkaangamizana. Mstari wa 26 baada yake: tusijisifu bure, tukichokozana na kuhusudiana. Yaani mlango wa kuingilia ni watu wa kanisa wanaotafunana, na mlango wa kutokea ni hao hao. Paulo anatibu ugomvi wa kanisani, wewe unataka kutangaza mfungo. Na haya hayakuhitaji Kigiriki hata kidogo. Yalihitaji kusoma mistari kumi na minne bila kurukaruka.

Aliyetuingiza wengi kwenye shimo hili ni mwalimu mmoja wa semina, simtaji. Alivuka kwa boti ya asubuhi, akatuuzia kijitabu cha fotokopi kwa shilingi 15,000, "Funguo za Siri za Neno", akarudi na boti ya jioni. Ufunguo wa kwanza: chukua neno, litafute Biblia nzima, andika mistari yote, Roho atakufundisha. Rahisi, na inavutia kwa sababu jioni ile ile unajiona umezama: kurasa ishirini, mistari 60, rangi tatu za kalamu. Unajiona mchimba kisima, kumbe umechimba mashimo sitini ya kidole kimoja kimoja, na maji hakuna. Kama anasoma hapa, fotokopi zenyewe zilikuwa hazisomeki vizuri.

Tena shimo hili lina upande wa pili, ambao kijitabu hakikuugusa. Neno moja la asili linaweza kuwa maneno matatu kwa Kiswahili. Fungua Ezekieli 37, bonde la mifupa, mistari 14 ya mwanzo. Nabii anaambiwa autabirie upepo, anaiita pumzi, na mstari wa 14 Bwana anasema atatia roho yake ndani yao. Upepo, pumzi, roho: kwa Kiebrania ni neno moja, ruaki, na mchezo mzima wa sura umejengwa juu ya hilo. Anayetafuta "roho" kwenye simu anapata mstari wa 1 na wa 14 tu, upepo na pumzi za katikati zinampita. Yohana 3:8 ni hivyo hivyo, "upepo huvuma upendako" na "aliyezaliwa kwa Roho" ni neno moja la Kigiriki. Sasa jaribu kinyume chake, tafuta "pepo". Utapewa pepo nne za Ezekieli, utapewa pepo wachafu wa Marko 5, na herufi hizo hizo zitakuletea peponi alikoahidiwa yule mwizi katika Luka 23:43. Kaskazi, mashetani na bustani ya raha kwenye kapu moja. Panga vichwa vinane hapo tukuone.

Kanuni yangu ni moja, nimeipata kwa gharama: kitabu kizima kwanza, neno baadaye. Haijali uko kanisa gani.

Anza na Wagalatia hiyo hiyo. Ni mistari 149, ukisoma kwa sauti bila haraka ni kama dakika 25. Siku ya 1 hadi ya 5 soma yote kwa mkupuo mmoja kila siku, bila kalamu, bila kuangalia maelezo ya pembeni, bila kusimama kwenye mstari uliokugusa. Tumia kitabu cha karatasi. Ukisomea simu, kundi la WhatsApp litakutoa kwenye sura ya 2. Siku ya 3 utachoka, utaona unarudia tu. Hapo ndipo wengi wanapotoka, na hapo ndipo kitabu kinapoanza kufunguka, kwa sababu macho yameacha kutafuta mistari uliyoizoea. Siku hiyo mpe mtu mwingine akusomee, wewe sikiliza. Barua hii iliandikwa isomwe kwa sauti mbele ya watu. Sura ziliwekwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya zilitiwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Paulo hakujua kwamba ana "5:19".

Siku ya 6 funga kitabu, andika sentensi moja kwa kila sura kwa maneno yako. Sentensi sita. Ukishindwa sura fulani, usiibie kwa kuchungulia. Rudi uisome barua yote tena kesho. Siku ya 7 hadi ya 10 chukua kalamu ya risasi, zungushia maneno madogo tu: basi, kwa maana, kwa hiyo, lakini, bali, ili. Kila "basi" iulize imetokana na nini juu yake. Hapo utaona hoja inavyotembea, na utaona kwamba sura ya 5 inaegemea 3 na 4. Ukurasa wa kushoto wa daftari uache wazi kwa maswali, na usijibu swali lolote kabla ya siku ya 11.

Siku ya 11 ndiyo ufungue tafsiri nyingine, Biblia ya Habari Njema, kando ya Union Version. Zinapotofautiana, pana jambo. Kwa mfano pale Union inaposema tamaa za mwili katika 5:16, Habari Njema inasema tamaa za kidunia. Kengele hiyo ingetosha kukuokoa bila mwalimu yeyote. Halafu sasa, ukitaka, tumia programu yenye namba za Strong, ambapo kila neno la lugha ya asili lina namba yake: sarksi ni 4561, soma ni 4983. Tafuta kwa namba, usitafute kwa neno la Kiswahili. Na kila mstari utakaoutoa kitabu kingine, soma sura yake yote kabla ya kuuandika. Ukiona hilo ni kazi kubwa, chukua mistari mitano badala ya 60.

Watatokea wa kusema hii ni mbinu ya wazungu. Jirani zetu hapa, Ramadhani baada ya laasiri, wanakaa darsa msikitini: sheikh kaishika sura, anakwenda aya kwa aya, palipoishia jana ndipo panapoanzia leo. Sijapata kumsikia akiokota neno moja kutoka sura arobaini akaliita darsa. Sisi ndio tunaona mpangilio ni ukosefu wa upako.

Kigiriki: nusu Kigiriki ni hatari kuliko kutojua kabisa. Wale wanaokwambia "logosi" ni neno lililoandikwa na "rema" ni neno Mungu analokupa wewe binafsi, wapeleke 1 Petro 1. Mstari wa 23 ni logosi, wa 25 ni rema, na Petro anasema jambo lile lile. Na wenye "agape ni upendo wa Kimungu tu" waulize kuhusu Dema wa 2 Timotheo 4:10, aliyemwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu huu. Kitenzi ni hicho hicho cha agape.

Kuhusu lugha, usijidharau. Union Version ya 1952 iliunganisha tafsiri ya Mombasa na ya hapa kwetu, ile iliyoanzwa na Askofu Edward Steere wa Mkunazini, aliyefariki 1882. "Husuda" na "faraka" mtoto wa Unguja haendi kuziuliza kwenye kamusi. Mtego ni maneno unayodhani unayajua. "Haki" ndiyo mfano: sisi tukisikia haki tunafikiria ya kudai mahakamani, Paulo katika Wagalatia 2:16 anazungumza mtu kuhesabiwa kuwa sawa mbele za Mungu.

Kwa nini watu hawafiki mbali? Wengine wanaanza Januari na ratiba ya sura tatu kwa siku, mwisho wa mwezi Mambo ya Walawi inawapokea, sura 27, wanashuka kituo hicho. Kitabu cha ufafanuzi usinunue sasa, kitakufanyia sentensi sita ambazo ni zako.

Mwambie kiongozi wako semina isogee wiki mbili mbele, au mada iwe "Wagalatia 5:13 hadi 26" na ufundishe hiyo tu. Siku ya 6 ikifika, weka sentensi zako hapa nizione. Na hilo la vijana kusinzia, naona sasa uliuliza. Semina ni saa ngapi, kabla ya wali au baada?