Maswali ya Wasomaji: Mwani Usiokoma Tangini

SWALI: Nina tangi la maji ya chumvi la lita 200 lenye matumbawe laini na samaki wanne. Tangu Desemba mawe yameota mwani wa kijani, mrefu kama nywele. Jumamosi nausugua, Jumatano umerudi. Nikipima nitrati na fosfati napata sifuri. Taa huwaka saa 12 kwa siku. Maji nachota ufuoni, na yakipungua naongeza ya kisima. Je, nitie tafi aule? – Msomaji, Malindi

JIBU: Hiyo sifuri isikutulize. Mwani ukishakuwa mwingi hufyonza nitrati na fosfati, yaani rutuba inayoulisha, kabla hujazipima. Rutuba ipo, imo ndani ya mwani wenyewe. Unapousugua tangini vipande hutawanyika na kushika mawe mengine, na vinavyooza huirudisha rutuba majini.

Anza na maji, maana hapo ndipo tatizo lilipo. Msimu wa kaskazi mkondo huyaleta maji ya Mto Sabaki kusini hadi mbele ya mji, yakiwa na tope na rutuba, hasa baada ya mvua za vuli. Kusi ikishika, tope hilo huelekea kaskazini. Kwa hiyo kati ya Novemba na Machi usichote ufuoni mwa mji. Nenda kusini, mbali na mto, siku za maji mafu, bahari ikikaribia kujaa. Yaache kwenye pipa lenye kifuniko kwa saa 48, chota ya juu bila kutibua tope, uyachuje. Uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi usome 1.025 au 1.026.

Maji ya kisima acha kabisa. Kisima kilicho karibu na shimo la choo mara nyingi huwa na nitrati, na visima vingi vya pwani vina chumvi, ilhali maji yakigeuka mvuke chumvi yote hubaki tangini. Ongeza maji ya RO tu, yaani yaliyosukumwa kupitia chujio laini mno linalozuia chumvi na madini. Ukinunua dukani yapime: TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) iwe chini ya miligramu 10 kwa lita, kwani wauzaji wengine huyarudishia madini ili yapate ladha.

Sasa mwani wenyewe. Zima pampu, ung'oe kwa vidole huku mpira wa kunyonyea maji uko karibu ubebe vipande. Jiwe linalotoka lisugulie kwa mswaki ndani ya ndoo ya maji ya chumvi. Palipokaidi, jiwe likiwa nje, dondoshea haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, subiri dakika 2, suuza kwa maji ya chumvi, rudisha. Isiguse matumbawe wala kamba. Badilisha lita 40 kila wiki, na taa iwake saa nane tu, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni. Chakula kilichogandishwa kiyeyushe, umwage maji yake.

Mawe yaliyokwisha kunywa fosfati huitoa polepole, hivyo vumilia miezi miwili au zaidi. Usilazimishe sifuri ya kweli: matumbawe hudhoofika, na dinoflajelati, viumbe vidogo mno vinavyotanda kama kamasi na vibaya kuliko mwani huu, hupata nafasi. Lenga nitrati 5 hadi 10 na fosfati 0.03 hadi 0.1, kwa miligramu kwa lita.

Tafi usimtie. Hupita sentimita 30, na lita 200 hazimtoshi. Konokono 10 wanatosha, baada ya kung'oa, kwa sababu wanakula mwani mfupi na kuuacha mrefu. Wasitoke kwenye Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi. Kuchukua kiumbe chochote humo ni kosa.

SWALI: Mchanga wa tangi langu umefunikwa na utando mwekundu unaoteleza. Nitie dawa ya antibayotiki? – Msomaji, Lamu

JIBU: Usitie. Utando huo ni bakteria, na dawa inaweza kuua pia wale wanaosafisha amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki. Unyonye kwa mpira, elekeza pampu pale maji yaliposimama, kisha funika tangi gizani siku 3 huku pampu ya hewa ikiendelea, kwa kuwa utando ukioza hula oksijeni. Siku ya 4 badilisha robo ya maji.