Usiguse hapo kwenye Speed and Duplex, yakhe

Acha. Kama bado hujabonyeza Save, toka kwenye ukurasa huo sasa hivi.

Umeandika kwamba pfSense (mashine-ruta) ya nyumba yako ya wageni hapo Jambiani inakata WAN, yaani laini ya intaneti inayotoka kwa mtoa huduma, mara kwa mara, zaidi mchana, kwamba poti yenyewe ni re0 ya kwenye bodi (chipu ya Realtek), na kwamba muuza duka mmoja mjini kakwambia "funga 100 full-duplex, ikikataa nunua mashine nyengine", yaani uiwekee poti kwa mkono mwendo wa megabiti 100, kutuma na kupokea kwa pamoja. Nimefika kwenye huo ushauri wa muuza duka presha ikapanda, maana ndio huo huo, neno kwa neno, ulionila pesa. Kadi ya mtandao niliyouziwa ipo kabatini, nzima kabisa. Anayeitaka aje na kahawa.

Ubaya wa ushauri huu ni kwamba siku ya kwanza unafanya kazi. Gigabit (megabiti 1000 kwa sekunde) inapita kwenye jozi zote nne za waya. Mia inatumia mbili tu: pini 1-2 na 3-6, yaani chungwa na kijani ukikrimpa kwa mpangilio wa rangi wa T568B. Buluu na kahawia zinakaa bure. Sasa tuseme pini ya 8 haijashika vizuri. Gigabit itapanda, itaanguka, itapanda tena, nawe unaona WAN inakata. Ukifunga 100, ile jozi mbovu inastaafishwa. Taa inatulia, logi inanyamaza, unampigia muuza duka kumwambia ahsante. Waya bado ni mbovu vile vile, ila sasa hauna tena pa kulalamikia.

Halafu linakuja la pili, na hili ndilo linalomaliza watu. Kifaa cha mtoa huduma, upande wa pili wa waya, bado kiko auto. Katika auto kila upande unatangaza uwezo wake, wanakubaliana. Ukifunga wako kwa mkono, unaacha kutangaza. Mwenzako anaisikia ishara ya 100, kwa hiyo mwendo anaujua. Dupleksi (kutuma na kupokea kwa pamoja, au kwa zamu) haisikiki kwenye ishara, na kanuni ya Ethernet yenyewe inamlazimisha achukue nusu (half-duplex). Basi wewe unasema na kusikiliza kwa pamoja, yeye yuko kama mtu wa radio koo, anangoja umalize ndio abonyeze. Asubuhi hakuna anayegundua: ping (pakiti ndogo ya majaribio) inarudi safi, kurasa zinafunguka. Jioni wageni wanaanza kupandisha video za pwani. Wewe unatuma wakati yeye yuko katikati ya kutuma, yeye anahesabu mgongano wa kuchelewa na kuikata pakiti, wewe unapokea kipande na kukihesabu kosa la CRC (hesabu ya kuhakiki pakiti haikulingana). TCP (itifaki inayobeba data) ikiona pakiti zinapotea inajipunguza mwendo yenyewe, tena na tena, mpaka laini nzima inatambaa.

Na taa zote kijani! Hapo ndipo pesa inapotoka. Mtu anagombana na mtoa huduma, ambaye akipima kwake anaona sawa. Anabadilisha kadi, tatizo liko pale pale kwa sababu kaifunga na kadi mpya 100. Anabadilisha mashine, anarejesha bakapu ya zamani, na bakapu inarejesha na lile kufuli. Muuza duka huyo huyo anapokea pesa mara tatu na bado anaitwa fundi.

Kwa haki yao, miaka ya 1990 ushauri huu ulikuwa na maana. Vifaa vya makampuni tofauti vilikuwa havielewani vizuri kwenye auto. Lakini kiwango cha gigabit ya waya wa shaba kilitoka 1999 na auto ndani yake ni lazima. Kuna watu habari haijawafikia, na ndio wenye maduka.

Kwa hiyo: Interfaces, WAN, Speed and Duplex, iache Default. Auto pande zote mbili. Kisha ingia shell (dirisha la amri) uandike `ifconfig re0` uangalie mstari wa media. Unataka autoselect ikifuatwa na 1000baseT full-duplex. Ukiona 100baseTX full-duplex na kifaa cha upande wa pili ni cha gigabit, shuku jozi ya buluu au ya kahawia kabla ya kitu kingine chochote. Ukiona half-duplex, kuna mtu kafunga upande wa pili. Mpigie mtoa huduma afungue, usimfuate kwa kufunga na wako.

Baada ya hapo endesha `netstat -I re0 -w 1` huku mtu akipakua faili kubwa. Safu za errs (makosa) na colls (migongano) zibaki sifuri. Zikipanda pamoja na mzigo, huo ni waya au dupleksi, haijalishi ping inasema nini.

Halafu `dmesg | grep re0`, na hapa soma kwa utulivu; dmesg haiandiki saa, kwa hiyo saa za mistari hiyo zitazame Status, System Logs. "link state changed to DOWN" ikirudi UP baada ya sekunde mbili tatu ni waya, kichwa au tundu. Ikirudi baada ya dakika moja au mbili, kifaa cha mtoa huduma kimezimika na kuwaka, yaani umeme. Angalia kama na chenyewe kimechomekwa kwenye UPS au mashine peke yake. Ila ukikuta "watchdog timeout" kabla ya DOWN, hiyo ni chipu ya Realtek na draiva yake. Dawa ni `pkg install realtek-re-kmod`, kisha ndani ya /boot/loader.conf.local uweke mistari miwili:

if_re_load="YES"
if_re_name="/boot/modules/if_re.ko"

Washa upya, andika `kldstat`, hakikisha if_re.ko imo kwenye orodha. Ukipandisha toleo la pfSense, hakiki tena.

Ikiwa ni waya, usiutazame, ubadilishe. Chukua waya mfupi uliotoka kiwandani, uchomeke mashine moja kwa moja na kifaa cha mtoa huduma, uache siku nzima. Ukitulia, kosa ni la ule uliopita juu ya bati au chini ya makuti, na ndio maana mchana unazidi: joto linatanua, mguso dhaifu unaachia. Kata kichwa cha zamani ukiangalie. Upepo wa bahari huko kwenu unaacha ukijani kwenye pini, na maji ya mvua hutembea ndani ya ganda la waya mpaka kwenye tundu kama hukuuacha uning'inie chini kidogo kabla haujaingia ukutani. Kisha kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika kwenye kichwa ukiukunja mara chache. Nunua shaba tupu, usifumue jozi zaidi ya sentimita moja na kidogo, na jumla isipite mita 100.

Kama WAN yako inatoka kwenye antena ya juu ya paa yenye injekta ya volti 24 (kiboksi kinachopeleka umeme kwenye antena kupitia waya wa mtandao), tundu la LAN ndilo linalokwenda kwenye mashine, la POE linakwenda kwenye antena. Ukizigeuza, volti hizo zinaingia pini 4-5 na 7-8 za re0, na hapo utanunua kadi kweli, muuza duka atafurahi.

Swichi ndogo ya gigabit ukiwa nayo, iweke katikati ya mashine na kifaa cha mtoa huduma kwa siku moja. Taa ya upande gani inazimika? Andika hapa jibu hilo, pamoja na ule mstari wa media na mistari kumi ya dmesg. Kadi usinunue.