Choma uzi kwanza

Pazia langu la kwanza la sanaa, la kusukwa kwa mabaki, lilidumu miezi mitano. Nililisuka kwa viroba vya sandarusi na ile mifuko mbadala iliyojaa madukani baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, nikalitundika kwenye ukuta unaotazama bahari, hapa Tanga, upande wa Raskazone. Watu walisimama, wakapiga picha. Kusi lilipokaza, pazia likaanza kuchanika nyuzi nyuzi. Asubuhi moja nikazikuta zimenasa kwenye mwani ufukweni. Nilikuwa nimelitengeneza kuwaomba watu wasitupe plastiki baharini. Niliokota mpaka adhuhuri, na sikuzimaliza.

Kwa hiyo wewe unayetaka kutundika kazi ya vitambaa mahali pa wazi, anza na kiberiti. Nenda kwa mafundi cherehani, kama wale wa Ngamiani hapa Tanga, hasa siku za kuelekea Idi, uombe vipande vinavyobaki chini ya mashine. Kabla hujashona chochote, chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba huwaka kama karatasi, ikaacha jivu laini. Poliesta hujikunja, ikayeyuka, ikaacha tone gumu. Hiyo ni plastiki hata kama ina maua mazuri ya kitenge. Na ile mifuko mbadala ambayo wengi huidhani ni kitambaa, mingi ni plastiki vilevile. Jua huikausha mpaka ikawa inavunjikavunjika, kisha upepo huisambaza. Vipande vya poliesta mimi sivitupi, navitumia kwa kazi za ndani, penye kivuli, kama ukutani mwa darasa.

Kamba iwe ya mkonge. Ni zao letu tangu Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alipoleta miche mwaka 1893. Vile vipande vifupi vya kamba visivyo na mnunuzi ndivyo ninavyovitafuta. Ila mkonge hunywa maji. Masika yakiingia kazi huwa nzito kuliko ulivyoipima siku ya jua, kwa hiyo funga kamba mbili pale ulipodhani moja inatosha, na uzikague kila baada ya mvua kubwa. Ruhusa ya ukuta iombe mapema kwa mwenye nyumba na ofisi ya serikali ya mtaa.

Lakini kilichobadilisha kazi yangu ni kanga kuukuu. Bibi mmoja jirani alinipa kanga ya marehemu dada yake, imepauka, mji wake, ile sehemu ya katikati, umetoboka. Nilipochukua mkasi akanishika mkono.

"Mwanangu, kata utakapo, lakini jina usilikate."

Jina ni ule msemo ulioandikwa kwenye kanga. Nikaliacha zima, nikalishonea katikati, pindo nikalizungusha pembeni. Sijaona bango la mazingira linalosimamisha watu namna ile. Mama anayetoka kununua samaki anasimama kusoma jina, anacheka au anaguna, anakumbuka aliyekuwa nayo, kisha anauliza kwa nini kanga iko ukutani. Hapo ndipo mazungumzo ya taka yanapoanza, na yeye ndiye kayaanzisha. Tangu siku hiyo kila kazi yangu ina angalau jina moja linalosomeka kutoka barabarani.

Bibi yule alikuwa akija kila Ijumaa kuitazama. Siku moja akaniuliza, ikishushwa itakwenda wapi? Sikuwa na jibu. Sasa nyuma ya kila kazi naandika kwa wino mwezi wa kuishusha, na siuvuki, hata kama rangi bado zinapendeza. Ile ya kwanza ya kanga tuliishusha pamoja. Kamba zilizooza tulizifukia kwenye shina la mgomba wake, vipande vya pamba vilivyobaki imara nikaviweka kwa kazi nyingine, na lile jina akalikunja, akaondoka nalo.