Barua kwa Mwanangu Aliyekabidhiwa Mradi wa Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unasema umekabidhiwa usimamizi wa ujenzi wa madarasa mawili kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, mnanunua vifaa na kuajiri mafundi wenyewe, na kwamba ratiba na bajeti umezipanga kama mlivyofundishwa chuoni, lakini fundi mkuu anakuitikia "sawa, injinia", kisha kesho yake unakuta kafanya kazi nyingine kabisa. Umeniuliza ujifunze nini kwanza: misingi ya kusimamia mradi, au namna ya kuishi na watu?

Mimi sijaweza kuvitenganisha viwili hivyo tangu nilipokuwa mtunza stoo, kabla hujazaliwa.

Mwaka 1997 tulikuwa tunajenga zahanati wilayani Kilwa. Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji lilikuja kufunguliwa mwaka 2003, hivyo wakati ule saruji yetu kutoka Dar es Salaam ilivushwa kwa kivuko pale Ndundu, na mvua za El Niño za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeigeuza barabara kuwa tope tupu. Jioni moja utingo wa lori letu alifika kwa miguu, suruali imekauka matope hadi magotini, akaniambia kuwa gari limekwama na halitaonekana kwa siku mbili tatu. Stoo nilikuwa na mifuko 14, na kesho yake tulipangiwa kumwaga zege la lenta (ule mkanda unaopita juu ya milango na madirisha) lililohitaji mifuko 22. Nilipaswa kwenda kumgongea msimamizi usiku uleule. Sikwenda. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemwambia kuwa misumari inakaribia kwisha, naye akaniuliza mbele ya vibarua wote kama ni mimi niliyeila. Kwa hiyo nilijilaza nikiomba lori liwahi.

Lenta, kama ujuavyo, humwagwa kwa mfululizo, kwa kuwa zege jipya halishikamani vyema na lile lililokwisha kukauka. Saa nane mchana mfuko wa mwisho ulipasuliwa nasi hatujafika hata ukuta wa tatu, na vibarua wakasimama na karai zao wakinitazama mimi. Fundi alilazimika kulichonga zege pale lilipoishia, na lori lilipofika siku ya nne tukaendelea kwa kuungaunga. Kosa lilikuwa langu, wala sijitetei, lakini ratiba ya msimamizi yule iliyobandikwa ukutani haikuwa na dosari yoyote. Kilichokosekana ni habari moja tu, na habari ile alikuwa ameifungia mlango yeye mwenyewe.

Ratiba, mwanangu, ni mkusanyiko wa ahadi za watu, na mtu hukueleza mapema kwamba ahadi imemshinda pale tu anapoamini kuwa hutamdhalilisha. Hiyo "sawa" ya fundi wako nadhani unaisoma vibaya. Huenda ana umri wangu, amejenga tangu wewe unasoma shule ya msingi, na anakuitikia kwa sababu umemzidi vyeti, si kwa sababu amekubali. Mwamkie kwanza kama mzazi wako, kisha mkae pembeni, mbali na vijana wake, umuulize yeye angeanzia wapi na kwa nini, nawe unyamaze mpaka amalize. Pale mtakapotofautiana mweleze sababu yako, halafu mwombe akurudishie kwa maneno yake kazi ya kesho. Utashangaa ni mara ngapi mlikuwa mnazungumzia vitu viwili tofauti.

Hata hivyo usilegeze misingi kwa kutaka upendwe. Kamati ya ujenzi itakuja kukuomba uongeze varanda, na itasema ni jambo dogo. Usikatae wala usikubali papo hapo. Andika kwenye daftari itakula mifuko mingapi, siku ngapi na fedha kiasi gani, na hizo fedha zitaondolewa wapi, kisha mwenyekiti asome na kutia saini. Maombi mengi huishia hapo bila ugomvi. Kamati ya mapokezi nayo ihesabu mifuko lori likiwa bado halijaondoka, maana kutuhumiana wizi huanzia kwenye hesabu iliyofanywa kesho yake. Fedha za dharura ziweke kando sasa hivi, kabla hujazipenda.

Umesema zege la msingi mtamwaga Jumatatu. Jumamosi jioni nenda stoo mwenyewe, bila daftari, ukae na kijana anayeitunza, na umuulize ni kitu gani anaogopa kukuambia. Akikutajia jambo, mshukuru kabla hujauliza limetokeaje. Kisha niandikie alichokujibu.

Mama yako